Kilio ya mu bustani

Siku ya ine, mwezi wa sita

Bado niko na kasirani. Leo mu baraza ya cité, mutaa yetu sisi beusi, tulizungumuza juu ya bajane benye kulala mu bustani karibu na soko. Bwana Administrateur, muzungu wa serikali, alisema bantu bale banaleta wizi, askari abatoshe.

Nilisimama. "Bwana, babwana yabo balikufa, kampani ikakamata nyumba. Balale wapi?"

"Barudie ku mugini."

Benzangu banotable, bazee ba baraza, baliangalia meza.

Bale bamama beko na akili. Kila mangaribi banawasha moto, banakaa chini, banalia sawa ku matanga. Ku kilio bantu banalalaka inje, na hakuna askari wa kwetu anaweza kufukuza bantu benye kulia mufu. Anavua kofia, anapita.

Lakini notable moja, mweusi kama mi, akabachongea: "Bwana, ile kilio ni ya uongo. Hakuna hata mufu." Njo bakakata shauri: kuanzia kesho, askari aulize kwanza maiti iko wapi.

Kazi gani ile, kweli...

Mu kurudia nyumbani nilipita pale. Mama Kabedi, mujane wa rafiki yangu, alikuwa anachochea moto, mabega wazi.

"Mama, munalilia nani?"

"Tunalilia nyumba, tata."

Baridi imeshika, asubui majani inakuwa nyeupe. Naogopa siku moja askari atauliza maiti iko wapi, na bo batakuwa na wa kumuonyesha.