Visi moja iliyobakia

Mujukuu wangu Neema,

Siye huku Shari tuko bazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume. Uliniuliza namna gani koko yako mwanaume, marehemu bwana yangu, alipendwa na baba yangu.

Baba alikuwa na gari nzee ya kushusha bamama ba kuuza samaki kule chini ku ziwa, Kasenyi. Radiatere ndogo ya shofaje, ya kuleta joto ndani ya gari, ilitoboka, vantilatere ya kupuliza ile joto nayo ikakufa. Wakati wa mvua kioo ya mbele ilijaa ukungu, na baba aliteremuka mulima bila kuona njia. Koko yako, kijana fundi wa Mudzipela, alifungua na kutosha tabulo yote, ile ubao ya mbele ya shofere, akabadirisha vile vyombo viwili, akarudisha. Visi moja, musumari wa kuzungusha, ikabakia mukononi mwake.

“Acha, tuende, bamama banangoya,” baba akasema na kasirani.

“Muzee, iko na fasi yake,” akajibu, akaanza kutosha tabulo tena.

Ilikuwa visi ya kushika vantilatere. Sijaona mutu mwingine wa kuheshimu kitu kidogo namna ile. Tulishuka naye mu mvua nyingi, mie binti nikikaa nyuma na bamama, kioo ikiwa safi. Kule Kasenyi baba akamuuliza polepole: “Fundi, weye umeshakula?”

Mie, koko yako mwanamuke