Kajetani Amerudi Nyumbani

Msamala,
Songea.
Jumapili, 18 Februari 2024.

Mpendwa wifi Theodosia,

Shikamoo. Habari za Musoma? Goti lako linaendeleaje, bado linakusumbua kwenye ngazi za shule? Shemeji Rupert na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Mahindi yamefika kiunoni, mvua haijatunyima kitu, na mimi nimenenepa, usije ukanicheka.

Najua ungependa nipige simu. Nilijaribu mara mbili nikaishia kulia kabla hujapokea, nikaona utadhani kuna msiba. Ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu. Hakuna msiba. Mdogo wako Kajetani amerudi nyumbani!

Lakini kwanza nikuungamie jambo. Mwaka jana tulikuambia Mama ameteleza bafuni akavunjika mkono. Tulikudanganya, wifi. Kajetani alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke Kongo na mkataba wake wa jeshi uishe. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, mvua kubwa ikashuka ghafla juu ya bati. Kumbe huko Kongo risasi zilipiga bati la kambi yao vilevile, siku aliyouawa rafiki yake Leonce. Aliruka, akamwangusha Mama chini, akamlalia ili amkinge. Mvua ilipokatika akauona ule mkono ulivyopinda. Alitoka nje bila viatu.

Alikwenda Mbesa, kule Tunduru, kwa Twaha, mwenzake wa jeshini ambaye siku hizi analima korosho, akakaa huko miezi tisa. Sitakuficha, nilikasirika. Nilidhani ametukimbia. Mara mbili alipanda basi mpaka stendi ya Songea, akanipigia simu nikampokee. Mara ya kwanza nilifika nikakuta ameshageuza. Mara ya pili nilimwona dirishani, kwenye basi la kurudi Tunduru. Tuliangaliana tu. Basi likaondoka.

Mama ndiye aliyetukataza kukuambia, eti utafunga safari kuja kumgombeza Kajetani. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja akafunga mzigo wake. "Naenda kumchukua mwanangu," akasema. Nilitaka kumsindikiza, akakataa katakata.

Yaliyotokea huko alinisimulia Twaha. Kajetani alipomwona Mama alijificha nyuma ya ghala. Mama hakumfuata. Aliomba sufuria na unga kwa Sabra, mke wa Twaha, akasonga ugali wa kutosha watu wanane, halafu akaita kwa sauti:

"Kajetani! Njoo uuone mkono uliouvunja!"

Akatoka polepole, kichwa chini. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mkono wenyewe ndio huu. Unasonga ugali mzuri kuliko wa mkeo. Haya, kaa ule."

Kwa hayo ya ugali wangu nimemsamehe. Kajetani alikula huku machozi yanamdondoka. Twaha anasema naye alilia, ingawa anasingizia moshi.

Mama alikaa wiki tatu nzima. Alikuwa akiokota korosho pamoja nao, na kila wiki akimsindikiza Kajetani hospitalini kwa mtaalamu anayezungumza naye juu ya mambo ya vita. Siku mbili kabla ya Krismasi nilikwenda stendi tena. Nikawaona wanashuka, Mama amemshika mkono kama anampeleka chekechea. Nilipiga vigelegele mpaka makondakta wakageuka.

Usidhani amepona kabisa. Siku ya nne mvua ikashuka mchana. Alisimama jasho linamtoka, akaenda kusimama uani, mvuani, mbali na kelele za bati. Mama akajifunika kanga kichwani akamfuata. Nami nikafuata. Tukasimama watatu, tumelowa chapachapa. Mzee Pankrasi, jirani yetu, akachungulia juu ya ua.

"Jamani, kwenu kuna nini?"

"Tunaoga!" Mama akamjibu.

Wifi, Kajetani akacheka! Alicheka mpaka akashika tumbo, akachuchumaa kwenye matope, nasi tukacheka naye. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu aondoke kwenda Kongo. Mvua nyingi zilizofuata zilitukuta hukohuko uani, ila Jumanne iliyopita alibaki ndani. Alinishika mkono mpaka ikapita. Vidole viliniuma siku nzima, nami nilitembea navyo kwa maringo kama nimevishwa pete upya.

Ameanza pia kazi kwa fundi seremala kule Majengo, nusu siku. Nyundo hazimshtui, mwenyewe anashangaa. Ametengeneza stuli moja. Inayumba, lakini Mama hataki kukalia kitu kingine.

Twaha na Sabra wamekubali kuja kula Pasaka nasi. Nanyi fanyeni mpango, vyumba vipo. Mama anakusalimu sana, na anasema ukija usimgombeze mtu. Nisalimie shemeji Rupert, na binti yako Getruda mwambie shangazi zake wa kanisani bado wanauliza lini atakuja kuimba. Mungu awape afya na safari njema.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata unaponitania,
Notburga.

Dada, shikamoo. Notburga amenipa barua niisome, hakuna alipoongeza chumvi. Mkono wa Mama niliuvunja mimi. Nilikuwa naogopa utanichukia, ndiyo maana simu zako sikupokea. Piga jioni ya siku utakayoipata barua hii. Nitapokea mwenyewe.
Kajetani.