Maji Yako ya Kunywa, Mihogo ya Mama

Mdogo wangu mpendwa Joselyne,

Keza amenifanya niache jembe. Sasa hivi tu amechukua kikombe chake cha maji ya kunywa, akayamwaga yote juu ya miti ya mihogo tuliyoing'oa asubuhi hii, halafu akaniambia, "Mama, ilikuwa na kiu." Sikuweza kumgombeza. Nimeingia ndani, nimechana karatasi kwenye daftari lake, nakuandikia wewe.

Ndiyo, umesoma vizuri. Tumeing'oa. Mihogo ya mama.

Jina langu naliweka huku juu, maana najua wataniita kabla sijafika chini: ni mimi dada yako, Mama Keza, wa hapa Butihinda. Na barua naiacha wazi, aisome kila aliyerudi na fungu lake la miti kama sisi.

Unalikumbuka lile lori la kurudi kutoka ukimbizini? Mama aliacha sufuria kubwa, alisema sufuria zipo kila mahali. Akabeba miti ya mihogo ya kule kambini, ile iliyotulisha posho ilipopungua. Aliifunga kwa kitenge kibichi, akaipakata kama mtoto mchanga njia nzima. Wewe ulikuwa na chupa yako ya maji. Lori likisimama tu, unafungua kizibo, unakinyunyizia kile kitenge. Mimi yangu niliyamaliza kabla hata hatujauona mpaka wa nchi. Nikakuomba, ukaninyima. "Haya ni ya mihogo," ukasema, na midomo yako ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mama akacheka: "Huyu atakuwa daktari wa miti!" Tukawa tunakuita hivyo, Daktari, kukutania tu. Nani alijua kwamba chuo cha kusomea magonjwa ya mimea kipo kweli, kwamba kipo Gitega, na kwamba wewe ungeingia humo?

Halafu ukaja ile likizo na kisu chako kidogo, na kichupa cha dawa ya kukisafishia kila ukimaliza kukata. Ukapasua muhogo mmoja. Ndani michirizi ya kahawia, mikavu kama gome. Mimi nilikuwa naijua siku nyingi, Joselyne. Nilikuwa naikata naitupa, iliyobaki naloweka, najiambia ni mvua. Ukasema polepole, "Dada, huu ni ugonjwa. Unasafiri ndani ya mti wenyewe. Ulikuja nasi kwenye lori. Inabidi tung'oe yote, nami nitakuletea mbegu safi kutoka chuoni."

Nami nikakujibu nini? "Mama hajamaliza hata miaka miwili kaburini, wewe unataka kumng'oa? Ndicho wanachokufundisha huko?"

Ulikaa na Keza ukamchorea jani la muhogo mgonjwa kwa kalamu zako za rangi, na kesho yake ukaondoka bila kula. Tangu siku hiyo hukupiga simu, na mimi sikupiga. Ni kiburi changu, nakiandika hapa watu wote wakione.

Lile jani nililigandisha ukutani kwa ugali. Juzi Keza akaingia mbio na jani la kweli, akapanda kwenye kigoda, akayalinganisha: kijani, halafu njano inafuata mishipa, vilevile ulivyochora. "Mama, ni hili hili." Nikamwambia ndiyo, shambani kwetu yamejaa. Akasema, "Si la kwetu. Nimelichuma kwa Mama Espe."

Mama Espe humjui, ni jirani, amerudi mwaka jana kutoka ukimbizini Uvira na watoto wanne. Na unajua desturi ya watu wa mlima wetu, mbegu ya muhogo haiuzwi. Mtu akija hana kitu, unamkatia. Nilimkatia mimi mwenyewe mizigo miwili, nikamchagulia ile minene, nikajiona mwema. Nilikuwa namgawia ugonjwa.

Nikaenda kumwambia, nalia. Akanitazama, mikono kiunoni.

"Weye, unalia mihogo ama unalia mama yako?"

Nikamwambia vyote viwili.

"Bon, sawa. Mama tutamulilia. Mihogo tutaing'oa, ya kwako na ya kwangu. Lakini maharagwe utanipa, sababu watoto yangu hawatakula machozi."

Basi leo tumeanza kwangu, kung'oa na kuchoma. Mti wa kwanza, ule wa karibu na jiko aliouchimbia mama shimo kwa mikono yake, nilishindwa. Nilivuta kama mtu anayevuta na huku anazuia. Mama Espe akaja nyuma, akanikamata kiuno, tukavuta pamoja, ukatoka, tukaanguka wote wawili matakoni. Tukacheka mpaka Keza akatukasirikia. Hapo chini, nimekaa kwenye udongo, nikawaza: mama aliibeba ile miti ili tule. Kama haitulishi, na inamnyima chakula jirani, naitunza kwa ajili ya nani?

Nisamehe, mdogo wangu. Nilikutukania masomo yako, kumbe ulikuwa unatutunzia tena chupa ile ile.

Zile mbegu safi, bado ahadi ipo? Zikiwa chache, anza na za Mama Espe. Mimi nitasubiri.

Anaita huyo. "Mama Keza! Unaandika Biblia? Mutoto wako amemwangia miti maji, moto inakataa!"

Nakuja! Joselyne, Gitega mpaka huku ni mbali. Zifunge kwa kitenge kibichi, lakini maji yako unywe mwenyewe, umesikia? Ya kunyunyizia nitakuja nayo mimi, nitakupokea Muyinga mjini pale magari yanaposimama, na chupa mbili mkononi, na kutoka hapo mpaka nyumbani atakayekaa na kiu ni mi—