Gari Lililoonwa Basotu

Baba, shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake. Baridi ya Tlawi inawaacha mkilala? Huku Dar es Salaam nalala dirisha wazi na bado naamka nimelowa jasho. Afya ninayo. Dada Paskalina, unayemsomea Baba, soma polepole, usiruke yasiyokupendeza.

Barua yenu ilinifurahisha mpaka nilipofika kwenye habari ya gari la abiria mnalotaka kununua. Mnasema mlikwenda Basotu kwa rafiki yake Baba anayetulishia maksai, muuzaji wa gari akawapakia, gari likaruka kama swala, na sasa anataka maksai wote na mitamba juu. Baba, Basotu ni tambarare. Pale hata mkokoteni unajisifu.

Tajiri wangu ana magari mawili, yote naendesha mimi. Lile dogo la petroli lina nguvu nyingi za farasi, lakini zinakuja injini ikishazunguka kwa kasi. Likishashika mwendo, hulipati. Pikapu kuukuu ya dizeli farasi wake ni wachache, ila ina torki, ile nguvu ya kuzungusha, na inaitoa injini ikinguruma taratibu tu. Nikipanda kilima na saruji, dogo linalia na kunuka klachi. Pikapu inaondoka.

Nilimuuliza fundi sababu. Akanicheka: "Wewe wa Mbulu, hujawahi kulima na ng'ombe?"

Nikamkumbuka yule maksai wetu mwekundu. Hakukimbia hata siku moja. Aliegemea nira, akatulia kidogo, jembe likasogea. Torki ndiyo hiyo. Farasi wanahitajika baadaye, kuzidisha mwendo.

Kwa hiyo msimpe kitu bado. Alete gari nyumbani siku ya matope. Pakieni viazi na vitunguu saumu, Mama akae mbele, lisimame katikati ya kilima chetu, kisha liondoke. Akisema, "Mzee, si uliliona Basotu?" mwambie abiria wetu wanapandia Tlawi.

Mlisema likinunuliwa nirudi kuliendesha. Ndiyo maana nasumbua. Likishindwa kilima, ng'ombe watakuwa wamekwenda na mimi nitabaki huku, ambako hakuna hata mtu wa kunigombeza kwa Kiiraqw chetu.

Msalimieni Bibi, na shangazi wa Daudi, na huyo rafiki wa Basotu. Yule maksai mwekundu mkuneni chini ya shingo.

Gari likiondoka bila kuwekewa jiwe nyuma ya tairi, andikeni hilo tu. Begi langu liko chini ya kitanda. Tangu nifike sijatoa nguo zote.

Mwanao,
Emanueli