Kiti cha Nyuma

Mjukuu wangu Mugisha,

Hapa Kaagya hatujambo, kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza pikipiki gani itakufaa kwa safari ndefu.

Miaka ile ya UKIMWI, jirani yangu Koku alipougua, mumewe aliibadilisha pikipiki yake ya mbio akachukua nyingine nzito, yenye kiti kipana na egemeo. Kila wakienda hospitali Muleba, walipita kwangu Koku ameegemea, anatabasamu. Mimi mzima nikamwonea wivu mgonjwa! Pikipiki ya babu yako ilibeba magunia tu.

“Una bahati,” nilimwambia siku moja.

“Kila kilima ananiuliza kama naumia,” akajibu.

Koku alifariki. Wivu haujaniisha hata leo.

Nenda dukani na mkeo. Akae nyuma kwanza, ndipo uchague.

Bibi yako anayekupenda