Kasanduku ka Samaki na Mufuko ya Maharagi

Beni, ku nyumba ya Katungu

Masika, mukamwana wangu,

Uko na kichwa ao uko na kibuyu? Batu ba Lubero banakimbia vita, banapita mbele ya mulango yako kule Butembo na magodoro ku kichwa, na wewe unabakia mu salon unalinda samaki! Kama ingekuwa mbuzi ningenyamaza. Mbuzi unaifunga kamba, munakimbia pamoja. Samaki ya mu kioo ya maji utaibeba mu nini, mu kitenge?

Nimemaliza kukukaripia, sasa nakusalimia. Mukoje wewe na batoto? Kavira angali anakohoa? Umupake mafuta ya mawese ya moto ku kifua, usingoje kuambiwa. Mimi niko. Magoti inauma lakini inanibeba. Katungu, dada ya bwana yako, alizaa muzuri, na mutoto ananyonya kama mutu mwenye kulipiza kisasi. Kazi yenye ilinileta huku ilisha kwisha, lakini barabara inanitisha. Hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe. Katungu alitaka kuniandikia, nikakataa, juu angeweka maneno ya adabu ndani.

Usifikiri Beni ni mbinguni. Batu ba Oicha banaogopa kwenda kuvuna kakao, inaozea ku miti. Juzi jirani ya Katungu alienda kuchuma sombe, majani ya muhogo, karibu na pori. Tukasikia bunduki. Tuliingia chini ya kitanda na kale katoto, Katungu akakafunga kinywa na ziwa kasilie. Yule mama alirudi, Nyamuhanga Mungu wetu asifiwe, lakini kitunga alikiacha kule. Tangu siku ile sikio yangu hailale. Mulango ukilia kidogo, niko wima. Lakini huku tuko bengi. Wewe uko peke yako na batoto babili. Na mambo ya Kasereka, bwana yako na mwana wangu, kule Manguredjipa, njia ilifungwa nyuma yake na hatujasikia sauti, ile siandike.

Ile siku telefone yako ilipatikana kwa mara ya mwisho, ulinililia hivi:

«Mama, siwezi kutoka! Kasereka aliosha kioo mbele ya kusafiri, akaweka kontroleri, kale kasanduku ka ku ukuta kenye kuwasha pompe ya hewa, ku mukono, akasahau kuirudisha. Pompe haiwake tena yenyewe, naiwasha mimi kila ikizimika. Nikitoka, hewa itaisha mu maji na zile samaki, mama, zitakufa zote. Aliniachia ile tu ya kuchunga. Na nikikatafuta mu telefone nikarudishe kafanye kenyewe, inasema kontroleri haionekane!»

Kisha telefone ikakatika. Tangu pale, kimya.

Basi nilichukua fimbo yangu nikaenda kwa Muhindo, ule fundi wa huku Beni mwenye aliuzia bwana yako kale kasanduku ka ku ukuta. Ye pia ana kioo ya samaki mu salon, na kasanduku ka namna moja.

«Karibu, koko, bibi yetu. Unataka samaki?»

«Sitaki samaki. Nataka mukamwana wangu atoke mu nyumba mbele vita haijafika. Niambie kwa nini kasanduku hakasikie telefone yake.»

«Ah, koko, ile ni mambo ya rezo, ya mutandao. Itakuwa nguvu kidogo kwako.»

«Mimi nilizalia mu pori bunduki ikilia, nikakata kitovu mwenyewe na wembe. Rezo njo itanishinda? Leta kiti.»

Akacheka, akaleta kiti. Akauliza: «Routeur yake inawaka? Kale kaboite ka internet, kabokisi keupe kenye mataa madogo.»

«Ya kazi gani? Internet ilisha katwa Butembo.»

«Koko, batu bengi banapotelea pale pale. Internet ni ya kuzungumuza na batu ba inje. Kasanduku na telefone binazungumuza ndani ya nyumba, na routeur njo inabeba maneno yao. Ata inje yote inyamaze, ndani binasikilizana. Angalia.»

Akagusa telefone: maji ikaanza kuchemka mapovu, samaki zikafurahi. Akachomoa routeur, akagusa tena: telefone ikasema maneno yale yale yako, haionekane. Akairudisha, tukangoja taa itulie, mapovu ikarudi.

Nilikumbuka ulivyoniambia na furaha: «Mama, nilificha byote mu mufuko ya maharagi, radio, pasi, na routeur, juu haina kazi tena.»

Mu mufuko ya maharagi! Muhindo alitaka kuanguka na kicheko. Mimi sikucheka. Najua ile akili inatoka wapi. Mu vita ya kwanza, maaskari bakikimbia balibeba ata sufuria yenye bugali ya moto, lakini radio yangu ilipona mu maharagi. Ndiyo, nilikufunza kuficha radio. Sikukufunza kuzika kinywa ya nyumba! Nilirudi kwa Katungu nikitembea pole, nikiwaza: bukoo yangu itakufa juu ya kaboite kenye kulala mu maharagi.

Sasa sikiliza. Toa routeur, pangusa vumbi, angalia haragi isibakie mu tundu ya waya. Ifunge ku batri ya panneau ya jua, pale pale Kasereka aliifunga. Usibadilishe jina yake wala neno ya siri, kasanduku kanangojea jina ile ile. Na mu telefone zima internet ya laini, juu Muhindo asema telefone ni kama mutoto mutoro: ikiona routeur haina internet, inaruka inarudi ku laini, na kasanduku kanapotea tena. Itakuuliza kama unataka kubakia pale pasipo internet. Jibu ndiyo, kwa nguvu. Kakionekana, kaondoe ku mukono, kafanye kazi kenyewe. Chakula uweke kidogo. Samaki ya kioo inauawa na shibe mbele ya njaa.

Kasereka akirudi akute samaki zimekufa, atanikasirikia mimi, na kasirani yake naijua, inaisha na bugali. Akirudi asikute ninyi, nitamuambia nini? Samaki haina mama wa kuililia. Batoto bangu bako na mama, ni mimi, na naogopa, Masika. Naandika neno hili mara moja tu, usilisomee batu.

Nisalimie mama Zawadi, muuza makala ya kupikia wa ku kona, umuambie sufuria yangu sijasahau. Nisalimie shemeji yangu muzee wa kanisa, aombe kwa kifupi na afungashe. Batoto ubabusu ku paji.

Mimi, mama ya bwana yako, koko ya batoto bako,
Kahindo

Usiweke barua chini, sijamaliza. Shofere mwenye kukupa karatasi hii anashusha mawese pale Mususa, mu Butembo, na anarudi Beni leo leo, gari tupu, juu viazi ya Lubero haitoke tena. Nilimuahidi chakula kwako. Chota maharagi mu mufuko ule ule, weka ku moto, kisha ufunge routeur. Maharagi ikiiva kasanduku kamejibu, muzuri. Ikiiva hakajajibu, muzuri vilevile. Mulishe shofere, funga mulango, panda gari na batoto.