Njano ya Muleba

Jumamosi, 8 Juni
Muleba tena, kwa shangazi. Kanipa migomba sita iliyonyauka. Kasema kata uchukue, haizai tena. Nimebandua maganda ya kusokotea mwili wa sanamu. Shina linatoa utomvu wa njano. Rangi nzuri ajabu! Nimeipaka karatasini, nikaitazama njia nzima. Mikono bado inanata.

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi nyumbani, Nyanga. Maganda yanakauka juani. Sanamu itakuwa mwanamke ameinama, anapalilia. Hoteli ya ufukweni wanaisubiri. Mama kaniona na panga, kanituma nimpunguzie machipukizi ya migomba yake. Nimepita kibanja kizima, shamba letu lote la migomba.

Alhamisi, 4 Julai
Mgongo wa sanamu umekubali. Leo najiona fundi kweli.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya misa Mama kaniita kibanjani. Mkungu mchanga umeiva kabla ya siku zake. Kapasua ndizi moja, ndani kahawia. Kakata shina. Njano ile ile.
Nimeitambua papo hapo, nikanyamaza. Mama anasema ugonjwa umeletwa na miche aliyopewa na jirani yetu, Ma Adela. Amekataa hata kumsalimia. Mimi ni mwoga.

Jumanne, 16 Julai
Bwana shamba kathibitisha: mnyauko. Migomba yote ing'olewe, ifukiwe. Kauliza nani alikata mara ya mwisho, kwa panga lipi. Mama kaanza na miche ya Ma Adela. Nikamkatiza. Nikasema ni panga langu, nililokatia ya shangazi Muleba, sikulisafisha. Redioni walitangaza mara ngapi kwamba panga chafu huambukiza? Nilikuwa nawaza sanamu.
Mama hakunigombeza. Kasema tu, "Waitu, jamani, kumbe Ma Adela nimemnunia bure." Kajifunga kitenge, kaenda kumwomba radhi. Afadhali angenichapa.

Jumamosi, 20 Julai
Siku ya nne tunang'oa. Leo ile aliyopanda marehemu baba. Nimemtupa na yule mwanamke wangu wa maganda shimoni, nikafukia. Hotelini nimewaambia hakuna sanamu. Sikulia. Uongo. Nimelia.

Jumatatu, 29 Julai
Mama katoka sokoni Rwamishenye na mkungu wa kununua. Tangu aolewe hapa hajawahi kununua ndizi. Kaupitisha mlango wa nyuma, kaufunika khanga, majirani wasione.
Nimechukua kisu nikaketi karibu yake.
"Hizi si tamu kama zetu," kasema.
Nimesema ndiyo, Mama. Tumemenya zote.